Ibara Niliyoiruka

Mwamini,

Salaam nyingi kutoka kwenye meza hii uliyoiacha imejaa karatasi zako. Ni baada ya sala ya alasiri. Umekwenda Gashonga kuwaaga shangazi zako, nami nawajua, hawatakuachia kabla hujala mara mbili, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kuchungulia begani mwangu. Kesho alfajiri basi la Kigali linakuchukua, kesho kutwa ndege. Habari za baridi, za soksi, za pilipili ya kufunga vizuri na za nani wa kumpigia simu ukifika umeshaambiwa na watu wengi, na hukumsikiliza hata mmoja. Mimi sirudii. Nina neno langu moja, na kwa wiki tatu nimeshindwa kulitamka.

Wiki tatu ni tangu ile Jumapili ulipokaa hapa ukanieleza unachokwenda kusomea London. Ulijitahidi kunirahisishia, kana kwamba si mimi niliyekufundisha Kiingereza. Ulisema kule mtu akitia saini ya kutunza siri, sheria inamtaka aitunze. Lakini magazeti nayo yana haki ya kuandika jambo ambalo watu wanapaswa kulijua. Viwili hivyo vikigongana, hakimu hupima. Anatazama siri yenyewe inaficha nini, na kama aliyesaini alisaini kwa hiari, akiwa na mtu wa kumshauri. Kisha ukanitajia hukumu moja inayokuuma, unayotaka kuiandikia kazi yako ya mwisho. Kampuni ya Waingereza ilikuwa ikikata mawe katika nchi fulani ya Afrika. Wafanyakazi wakaugua vifua, wengine wakafa, familia zikapewa fidia pamoja na karatasi ya kunyamaza. Gazeti lilipotaka kuandika, kampuni ikakimbilia mahakamani na gazeti likazuiwa. Majina yote yamefichwa, kila mtu ni herufi moja tu.

Ukaniuliza, "Na unajua ni nini ilimugeuza juge, Maman? Bale bantu balikuwa na mushauri wabo. Wa kwabo kabisa, hapana wa kampuni. Na signature yake iko."

Mimi nikakuuliza kama nikuongezee chai. Hilo ndilo jibu nililokupa.

Mshauri huyo ni mimi, Mwamini.

Nilipomaliza kuandika sentensi hiyo niliinuka nikaenda kufagia ua ambao ulikwisha kufagiliwa asubuhi. Sasa nimerudi. Acha nikueleze kwa utaratibu, maana wewe hupendi mtu anayeanza hadithi katikati.

Ulikuwa shule ya bweni, baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Unakumbuka kwamba nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, na shule zilipogeukia Kiingereza nikabaki sina cha kufundisha. Nilijifunza upya nikiwa mtu mzima, kwa hasira, kwa redio na daftari. Kampuni ile ilipokuja kwenye kilima kimoja upande wa Nyakabuye, ikakuta mwanamke anayeweza kusema Kiingereza na wakubwa, Kinyarwanda na maofisa, na Kiswahili na mafundi wa hapa Kamembe na wa Bukavu. Waliniita Madame Interprète, bibi mkalimani. Nililipenda jina lile kuliko inavyompasa mtu mwenye akili. Nilitembea sokoni nikijua kuwa watu wananitazama.

Kazi yangu niliifanya kwa namna yangu. Mkubwa akisema kwa dakika tano, mimi nilisema kwa dakika moja. Wazungu walinipa ndizi yenye maganda, nami niliwapa wenzetu iliyomenywa. Watu walinisifu kwa hilo. Walisema Maman Mwamini hachoshi, anakwenda kwenye maana. Nami nikazoea kuamua peke yangu maana ni ipi.

Mawe yalikatwa kwa mashine, vipande vyembamba vya kutandika kwenye sakafu za matajiri. Wakataji walitoka pale jioni weupe kwa vumbi hadi kope. Miongoni mwao alikuwapo Papa Furaha, mume wa Maman Furaha. Mama huyu humjui kwa sura siku hizi, lakini mikono yake unaijua, ndiye aliyekusuka nywele siku yako ya kwanza ya shule. Alikuwa rafiki yangu wa kweli. Yeye ni mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Mkristo, kila asubuhi alivuka daraja la Rusizi na mzigo wa samaki wakavu kichwani na kunigongea dirisha kabla hajafika sokoni. Mume wake alianza kikohozi wakati wa mvua, akakohoa kiangazi chote, akakonda, akafa. Kabla ya mwaka kwisha walikufa wengine wawili.

Hapo ndipo alipokuja wakili kutoka London, kijana mwenye adabu, shati limemlowa jasho. Nataka ujue kwamba hakuwa mtu mbaya. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akamwuliza kila mjane jina la mumewe. Walikusanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula, wajane na wakataji waliokuwa wazima bado, na karatasi ilikuwa na ibara kumi na mbili. Alisoma, nikatafsiri. Fidia hii hapa, na msiseme. Msiseme kwa magazeti, msiseme kwa redio, msiandike, msimwonyeshe mtu karatasi hii. Tulipofika ibara ya tisa, wapishi walikuwa wameshaingiza sufuria za wali na nyama, na macho yote yalikuwa huko.

Ibara ya kumi na moja ilikuwa ndefu kuliko zote, imejaa "isipokuwa" na "bila kuathiri". Niliisoma kwa macho. Ilisema kwamba hakuna neno katika karatasi ile linalomkataza mtu kumweleza daktari wake, wala wakili wake, wala serikali, wala kushtaki kosa la jinai. Niliielewa vizuri kabisa. Nikainua kichwa nikawaambia ni ya mawakili, haituhusu: "Ya kumi na moya ni mambo ya bàavoka tu, haituangalie." Watu wakacheka, tukaenda ya kumi na mbili.

Hilo lingetosha, lakini sikuishia hapo. Niliona wanaiogopa karatasi. Wengi hawakuwahi kusaini kitu, na mtu asiyesoma hujiuliza kila mara amekubali nini. Nikataka kuwatuliza kwa jambo wanalolijua. Nikawaambia waichukue kama amana. Mwislamu anajua amana ataulizwa mbele ya Mungu, na Mkristo aone kama ameweka mkono juu ya Biblia. Fundi mmoja mzee, Saidi wa mtaa wetu, akasema basi tuseme wote kwa pamoja ili asibaki mtu. Wakainua mikono. Waliapa, Mwamini, ukumbi mzima. Wakili akaniuliza kwa sauti ya chini wanafanya nini. Nikamjibu kwamba wanakubali.

Sheria ya Waingereza ilitaka saini tu. Kiapo niliongeza mimi.

Mwisho kabisa akafungua ukurasa wa nyuma, penye nafasi ya saini ya mshauri. Akasema ni utaratibu tu, na kwamba mimi ndiye niliyewaeleza, sivyo? Ni kweli nilikuwa nimewaeleza. Juu ya mstari paliandikwa kwamba anayesaini hapa ni mtu huru, anayejua sheria, asiye upande wa kampuni, na kwamba amezishauri familia ipasavyo. Sitakudanganya kwamba sikusoma. Nilisoma nikiwa nimevaa beji ya kampuni kifuani. Nikasaini, tena kwa ule mwandiko wangu wa ualimu unaoucheka.

Baada ya hapo niliendelea kuishi kama kawaida, na hili ndilo linalonishangaza hadi leo. Saidi alipoanza kukohoa alikwenda hospitali, daktari akamwuliza anafanya kazi gani, akasema anauza ndizi. Alikuwa ameinua mkono wake. Alimeza dawa za kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, miezi mingi, hadi akafa. Mkewe alinieleza hayo kwenye matanga, kwa fahari, akitaka nijue kwamba mumewe hakuvunja amana hata kitandani. Nilimpa pole nikarudi nyumbani kwa miguu, pikipiki za abiria zilikuwapo lakini nilishindwa kumwambia dereva naenda wapi.

Mwaka uliofuata alikuja mwandishi wa habari kutoka London. Alimpata Maman Furaha sokoni, sijui kwa njia gani, na Maman Furaha akaja kunigongea dirisha kama zamani. Alitaka nimtafsirie.

"Maman Mwamini, ule mama ya journal anataka kujua bwana yangu alikufa sawa gani. Miye niko tayari. Kuya tuende."

Nikamwambia haiwezekani, kuna karatasi.

"Ile karatasi batanifanya nini? Bwana yangu njo alikufa, hapana wabo."

Nikamwambia atafungwa. Sikuwa na uhakika wowote, nilisema tu. Nikamkumbusha kwamba aliinua mkono. Akasema, "Basi nitaongea na mikono," akaenda zake. Na kweli alikwenda, akatafuta kijana wa Bukavu mwenye Kiingereza cha kuungaunga, akasema kila kitu.

Jambo linalofuata sikuwahi kumwambia mtu hadi jana. Jioni ileile niliipigia kampuni simu nikawaambia mwandishi yuko Kamembe na amezungumza na nani. Hakuna aliyeniuliza. Nilijiambia kwamba amana ni amana, kwamba mtu akiona inavunjwa akanyamaza naye ameshiriki. Na nilikuwa naogopa kupoteza kazi, nilikuwa na wewe shuleni. Yote mawili ni kweli, ila nimejiuliza mara nyingi lipi lilitangulia, na naamini ni lile la pili. Siku chache baadaye wakanitumia karatasi nyingine niisaini, inayosema kwamba familia zote zilielewa ibara zote. Nikaisaini pale duka la kompyuta karibu na gereji, wakaipeleka London. Kwa karatasi hiyo hakimu akalizuia gazeti. Kwa muda, ulinieleza wewe, hadi kesi isikilizwe yote. Lakini kampuni ilikuwa na nguvu na gazeti likachoka, na ule muda haujaisha mpaka leo.

Maman Furaha hakunigombeza. Alibadilisha njia tu. Sasa akitoka darajani anapanda kwa barabara ya juu, mwendo mrefu zaidi na mzigo kichwani, asipite dirishani kwangu. Miaka yote hii nimekuwa nikiamka saa ile ya kugongewa na kulala macho wazi hadi ipite. Kampuni ilifunga, ikaondoka, ikaacha mashimo yanayojaa maji ya mvua. Mimi nikabaki nikitunza siri ya watu ambao hata hawanikumbuki. Watu waliniona nimekuwa mkimya, siendi tena maulidini hadi nibembelezwe, nakaa harusini karibu na mlango. Wewe uliwaambia shangazi zako waniache, ni majonzi ya baba yako. Nilikusikia kutoka jikoni. Nilipaswa kutoka nikasema hapana, si kwa ajili ya baba yako peke yake, lakini ulikuwa umenitetea vizuri mno nikaona aibu kukuharibia.

Upweke nilikuwa naufahamu, mtu akifiwa na mume anajua kitanda kilivyo kikubwa. Huu ni mwingine. Unaketi na watu unaowapenda, wanakupasulia machungwa, wanacheka na wewe, na wewe unajua kwamba wanacheka na mtu wasiyemjua. Hata wewe. Kila uliponipigia simu kutoka chuo ukaniambia nimekulea katika ukweli, nilisema amina, kisha nikakata simu.

Sikuandikii ili uende huko ukadhani kila siri ni ya wezi. Maman Furaha aliwahi kuniambia jambo la maisha yake, zamani, usiku mmoja aliponiuguza, na jambo hilo halimo katika barua hii wala halitakuwamo popote. Gazeti likija kuliuliza, nataka pawepo sheria ya kulifungia mlango. Nilichokosea ni hiki: amana huwekwa na mwenye mali. Lile vumbi halikuwa la kampuni kutuwekesha. Lilikuwa la waliolivuta, na wao ndio waliokuwa na haki ya kulitaja kwa daktari, kwa jirani, kwa gazeti, kwa yeyote. Nilichukua neno zito la dini yetu nikalifungia mzigo wa mtu mwingine. Sijui mahakimu wa huko wanaliitaje kosa hilo. Labda halina jina kwao, kwa sababu halimo kwenye karatasi.

Jana, wakati wewe ukihangaika na sanduku, nilikuaga kwamba naenda kununua sabuni. Nilikwenda sokoni kwa Maman Furaha. Nilikuwa na nakala yangu ya karatasi ile mkobani. Alikuwa akipanga samaki, hakuniangalia. Nikamwambia nimekuja kumsomea ibara ya kumi na moja.

"Ilikuwa nini, ile?" akauliza. "Ulisema ni ya bàavoka."

Nikamsomea. Safari hii sikufupisha, nilitafsiri neno kwa neno, na "isipokuwa" zake zote. Daktari, wakili, serikali. Akaacha kupanga samaki. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Mteja akaja, akamhudumia, akamrudishia chenji, akanigeukia.

"Kwa hiyo ile siku, ungelisoma hii, Saidi angelimuambia munganga wa hospitali."

"Ndiyo," nikasema.

"Na miye, ningelienda ku polisi."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya kigoda chake. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Akasema tu, bila kupandisha sauti, "Miye nilizania ni woga yangu. Miaka yote nikizania ni miye muoga, njo maana sikuenda." Halafu akalia, na mimi nikasimama pale na mkoba wangu kwa sababu sikuwa na haki ya kumshika. Nikamwambia na habari ya simu. Alisema hiyo aliijua tangu zamani.

Hakunisamehe, Mwamini. Usije ukajiwekea mwisho mzuri. Nilipoondoka aliniambia nisirudi kwanza, kwamba atanitafuta akitaka. Nimeshika hilo "kwanza" na sitaki uniambie lina maana gani.

Kabla ya kurudi nilipita kwa noteri, yule wa kuthibitisha hati. Nimeandika maelezo kwa Kiingereza, kurasa tatu, nimesaini mbele yake. Yanasema sikuwa wakili, nililipwa na kampuni, niliruka ibara ya kumi na moja, niliwaapisha watu bila kuambiwa, na ni mimi niliyepiga simu. Nakala moja nimempelekea Maman Furaha kwa mkono wa mtu. Nyingine imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Huenda gazeti lile au wakili wake ataitaka, maana kama ushauri haukuwa huru, basi hakimu alipimishwa kwa mizani mbovu. Wewe ndiye unayejua njia zake. Nami pia nilisaini siri yangu wakati ule, na kwa barua hii nimeshaivunja. Wakitaka kunishtaki, nyumba wanaijua.

Kinachonitisha si wao. Nimeona jinsi ulivyoing'ang'ania hukumu hii. Ukisema ukweli, huenda mwalimu wako akakwambia huwezi kuandika juu ya kesi ya mama yako mzazi, na kazi uliyoiandaa mwaka mzima ikaanguka. Ukinyamaza, utaandika kurasa nzuri sana kuhusu mtu unayejifanya humjui, na utakuwa kama nilivyo mimi, kabla hata hujafika umri wangu. Sikuachii urithi huo. Mimi ningekupa nyumba, vitenge, hata ule mwandiko, lakini huo hapana.

Hasira zako nazitaka. Unaweza usinipigie simu ukifika. Nitajua umefika, ndege zikitua huandikwa kwenye mtandao. Nitakaa hapa, na kama ni miezi itakuwa miezi, nimeshapata mazoezi. Nakupenda kwa namna ambayo inanifanya nikubali hata hilo.

Siku moja mtakuwa darasani, mtaifungua hukumu ile, na mtu atauliza huyo mshauri aliyefichwa kwa herufi alikuwa nani hasa. Watasema ni kibaraka wa kampuni. Watasema ni mjinga, au mtu asiyekuwapo kabisa, aliyebuniwa na mawakili. Waache wamalize. Halafu waambie kwamba alikuwapo, kwamba hakuwa wakili, na kwamba ni mama yako. Jina langu ni hili hapa chini. Litaje lote.

Zaituni Ramadhani